Bidoni na kamba kando ya ziwa



Juma hili hatuandiki juu ya bei ya sambaza wala juu ya matokeo ya mitihani. Tunaandika juu ya kitu ambacho kiko katika kila nyumba ya Nguba, nyuma ya mlango ao chini ya meza: bidoni ya njano ya lita 20. Tunaijua kwa kuchota maji. Tunataka tuijue pia kwa kazi ingine, ile ya kutupiwa mtu anayezama.

Bukavu yetu imejengwa juu ya rasi tano zinazoingia ndani ya Ziwa Kivu, na sisi wa Nguba tuko pale ziwa linapoisha na mto Ruzizi unapoanza. Popote unaposhuka, unafika majini. Robine ikikauka siku mbili ao tatu, kila mtu anashuka: mama mwenye beseni ya nguo, kijana mwenye bidoni mbili, na mtoto wa miaka tisa ambaye mama yake yuko sokoni. Jioni wanashuka wale wa kuoga na wale wa kucheza. Ziwa letu halina mamba wala kiboko, na hiyo inatufanya tulizoee kama uwanja wa nyumba. Lakini pwani zake zinashuka kwa haraka. Mahali pengi mtoto anapiga hatua mbili na maji yanamfika magotini, hatua ya tatu inamkosesha chini. Katikati, ziwa hili linafika mita zaidi ya 480 kwenda chini.

Sisi walimu tunaona jambo lile kwenye daftari la majina. Asubuhi moja jina linaitwa na hakuna anayejibu, na wenzake wanaangalia chini. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu karibu 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya tisa kwa kila kumi walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo ao cha katikati, kama yetu. Ni kwa sababu hiyo Umoja wa Mataifa, mwaka huohuo, uliweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya dunia ya kuzuia watu kufa maji. Kwetu sisi tarehe hiyo inaanguka katika likizo kubwa, wakati watoto wanapokuwa ziwani kuliko wakati wote.

Kuna mama mmoja wa kikundi chetu ambaye ametukubalia tueleze yaliyompata, bila kutaja jina. Miaka kadhaa iliyopita kijana wake wa miaka 12 aliteleza juu ya jiwe akichota maji. Kaka yake wa miaka 16 alikuwa pale, naye alijua kuogelea vizuri. Aliruka mara moja. Mdogo alimkamata shingo, wakaenda chini pamoja. Waliwapata kesho yake. Tulipokuwa naye kwenye matanga, watu wengi walisema kwamba ni mambamutu amewachukua. Mama yule alinyamaza siku zote zile. Lakini miezi ilipopita alituambia neno ambalo hatujasahau: "Pale walipozamia palikuwa na watu kama kumi, na bidoni kama kumi na tano."

Hatugombani na mtu juu ya mambamutu. Tunasema tu kwamba bidoni iliyofungwa vizuri inaelea, hata awe nani anayevuta kutoka chini.

Wazee wetu walisema: mfa maji hukamata maji. Maana yake, anayezama anashika chochote kinachokuwa mbele yake, hata kile kisichoweza kumsaidia. Ukiwa wewe ndiwe uko mbele yake, atakushika wewe. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Mwili wake unatafuta hewa, nao unapanda juu ya kile ulichokipata. Ndiyo sababu mara nyingi kwenye ziwa tunazika wawili pahali pa mmoja, na yule wa pili ni mwenye roho nzuri: kaka, baba, jirani. Wanaofundisha uokoaji popote duniani wanarudilia mpango uleule: kwanza umfikie na kitu kirefu ukiwa umebaki inchi kavu, kisha umtupie kitu kinachoelea, kisha uende na mtumbwi. Kuingia majini na mwili wako ni jambo la mwisho kabisa, la yule aliyefundishwa.

Jambo lingine tulijue. Anayezama hapigi kelele kama tunavyoona katika filamu. Kinywa chake kinaingia na kutoka majini, hana nafasi ya kuita. Mikono yake inasukuma maji pembeni, haiwezi kupunga. Kichwa kinalala nyuma, macho yanaangalia mbinguni. Anaweza kuonekana kama mtu anayecheza. Na kwa mtoto mdogo, muda wa kumsaidia akiwa bado juu ya maji ni chini ya dakika moja. Kukimbia nyumbani kutafuta kamba, kupanda ngazi za avenyu, kurudi, ni dakika kumi. Kwa hiyo kitu cha kuokoa kinapaswa kuwa kimekwisha kuwa pale, kando ya maji, kabla ya mtu kuteleza.

Mmeona kwenye mashua kubwa zinazokwenda Goma ile duara nyekundu ao ya rangi ya machungwa yenye tundu katikati, imetundikwa pembeni. Wengi wetu tunaiita buwe. Ni kitu cha kutupa. Kanuni zake zinatoka katika mapatano ya dunia juu ya usalama wa meli, ambayo yalianza mwaka 1914, baada ya Titanic kuzama. Mapatano hayo yanasema duara hiyo isipite sentimita 80 kwa upana, tundu lake lisiwe chini ya sentimita 40, uzito wake usiwe chini ya kilo mbili na nusu ili upepo usiipeperushe, na iweze kubeba chuma cha kilo 14 na nusu ndani ya maji matamu kwa saa 24. Zile zenye kamba, kamba yao iwe na urefu usiopungua mita 30, na kamba yenyewe ielee. Imeandikwa kwa meli za bahari, lakini inatufundisha kwamba kitu cha kutupa kina mambo matatu: kinabeba mtu, kinatupika, na kina kamba ya kumrudisha.

Buwe na jile ni ndugu wawili, lakini kazi zao ni tofauti. Jile unaivaa kabla ya hatari, inakubeba hata ukizimia. Buwe unatupiwa baada ya kuanguka, na ni lazima uwe na nguvu ya kushika. Mtoto mchanga hawezi kushika buwe. Aliyezimia hawezi. Hakuna moja inayochukua nafasi ya ingine.

Sasa mtauliza: kuna faida gani kutupa kitu, kama ziwa ni kubwa vile? Tukumbuke ajali ambayo sisi wote tuliiona kwenye telefone. Siku ya nne, tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyoitwa Merdi ilitoka Minova kwenda Goma. Barabara ilikuwa imekatika kwa sababu ya vita, na watu na vyakula vyao walikuwa wamehamia juu ya maji. Guverneri wa Kivu ya Kusini alisema ndani yake mlikuwa watu 278. Ilipinduka karibu kabisa na porti ya Kituku, ikitaka kutia nanga, watu wakiwa wamesimama pwani wanaangalia. Hesabu za wakubwa hazikupatana: huku kwetu walisema wafu 78, kule Goma walihesabu maiti 34. Wengi walikuwa watu wa soko kama sisi.

Na ndugu zetu wa Tanzania walipata vilevile katika Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko MV Nyerere kilipinduka mita kama 50 tu kabla ya kufika kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya soko. Watu 228 walikufa, 41 waliokoka. Mita 50 ni pungufu ya urefu wa uwanja wa mpira.

Hatusemi kwamba bidoni ya njano ingeondoa misiba ile. Mashua iliyojazwa kupita kiasi, bila jile, ni kosa ambalo kamba haiwezi kulitengeneza. Tunachosema ni kwamba hata mashua kubwa zinazama karibu na inchi kavu, macho ya watu yakiwa juu yake. Na watoto wetu, wao wanazama karibu zaidi: mita tano, mita nane, mita kumi. Umbali ule mkono wa mama unaweza kuufikia, kama una kitu cha kutupa.

Na kitu chenyewe si lazima kitoke dukani. Meli Spice Islander ilipozama usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, kati ya waliookolewa mlikuwa walioelea juu ya magodoro yaliyokuwa mzigo wa watu. Godoro halikutengenezwa kwa kuokoa mtu. Lakini lilikuwa pale, nalo lilielea.

Tupige hesabu kidogo, kama darasani. Bidoni ya lita 20, tupu na yenye kifuniko kilichokazwa, ikisukumwa chini ya maji inasukumwa juu kwa nguvu ya kilo 20. Tukiondoa uzito wa bidoni yenyewe, tunabaki na kilo kama 19. Mwili wa mtu majini ni mwepesi kuliko tunavyodhani: ili kichwa cha mtu mkubwa kibaki juu, anahitaji msaada wa kilo kama tano tu. Kwa hiyo bidoni moja inamtosha mtu mkubwa, na watu wawili wanaweza kuishika wakingoja. Hata ile ndogo ya lita tano inasaidia mtoto. Lakini bila kifuniko, bidoni inajaa na kuzama. Kifuniko ndicho kinachoifanya iwe ya kuokoa.

Tulipoleta shauri hili mara ya kwanza katika mkutano wa kikundi, mama mmoja alisimama akasema: "Mkiweka bidoni nzima pwani, asubuhi haitakuwa pale." Watu walicheka, lakini alikuwa na haki. Bidoni ni pesa. Mwingine akasema kamba nayo itafunga mbuzi wa mtu. Tulikaa na swali lile majuma mawili.

Jibu lilitoka kwa mama anayeuza makala kando ya barabara. Alisema tutumie zile bidoni zilizopasuka, ambazo haziwezi tena kubeba maji, na tuzijaze chupa za plastiki. Chupa hizo tunazo nyingi kupita kiasi. Ndizo zinazoshuka na mvua mpaka ziwani, zinakusanyika kwenye barrage ya Ruzizi, na kuisumbua mitambo ya umeme. Tulijaribu, na ikafaa.

Inafanywa hivi. Chukua bidoni iliyopasuka ya lita 20. Kata mlango upande mmoja, wa kutosha kupitisha chupa ya lita moja na nusu. Ingiza chupa sita, kila moja tupu, kavu, yenye kifuniko kilichokazwa kwa nguvu. Moja kati yao itiwe maji nusu, ili bidoni iwe na uzito kidogo na iruke mbali pahali pa kurudishwa na upepo. Shona mlango kwa waya ao kwa kamba ndogo, na kukunja ncha za waya ndani zisikate mtu. Bidoni hiyo inabeba kidogo kuliko ile nzima, kama kilo nane, lakini mtu mmoja inamtosha. Na hakuna mwizi anayeitaka, maana ina tundu ubavuni na haichoti maji. Tuliipaka rangi nyekundu pia, ili kila mtu aijue.

Kamba nayo ina akili yake. Kuna kamba za plastiki zinazoelea na kamba za nailoni zinazozama. Kabla ya kununua, omba muuzaji kipande kidogo, kitupe ndani ya beseni. Kikielea, nunua. Urefu wa mita 15 unatosha kwa pwani zetu. Ifungwe kwenye mkono wa bidoni kwa fundo ambalo baba mvuvi amelihakikisha. Ncha ya pili tunaifunga fundo kubwa, la kukanyagwa kwa mguu. Hatuifungi kwenye mti, kwa sababu mtu anaweza kuzama mbali kidogo na mti. Na hatuifungi kwenye mkono wa mtu hata siku moja, kwa sababu anayevutwa anaweza kumvuta anayevuta.

Kutupa kunajifunza. Mara ya kwanza tulipojaribu, wengi wetu tulitupa juu sana ao pembeni, na kamba ilikuwa imejisokota. Basi tunawapa mpango tuliouzoea.

Kwanza, paza sauti uite watu, na umtume mmoja atafute mwenye mtumbwi. Usiache macho kwa yule anayezama.

Pili, kanyaga fundo la kamba kwa mguu mmoja. Hakikisha kamba iko huru, imelazwa chini kwa mizunguko mikubwa.

Tatu, mwite kwa jina kama unalijua, umwambie: "Shika bidoni!" Anayezama amepoteza akili kwa hofu, sauti inayojulikana inamrudishia kidogo.

Nne, tupa kutoka chini kwenda juu, kama unayetupa mpira kwa mtoto, na uvushe bidoni nyuma yake, si juu ya kichwa chake. Kisha vuta kamba polepole mpaka ipite begani ao mkononi mwake. Kama kuna upepo, simama upande unakotoka.

Tano, akiisha kushika, kaa chini ao lala tumbo kabla ya kuvuta. Ukivuta umesimama juu ya mawe yenye maji, utamfuata. Vuta taratibu, maana ukivuta kwa ghafula ataachilia.

Sita, ukikosa, usikunje kamba vizuri kwa mara ya pili. Ivute haraka na utupe tena.

Na kama bidoni haiko? Vikwembe viwili vilivyofungwa pamoja vinafika mita kama tatu. Mti, kasia, ufagio mrefu, vyote vinaweza. Lala chini, mwombe mtu akushike miguu, na unyooshe.

Sasa tunawaeleza lililofanyika. Tulikuwa tumekwisha weka bidoni tatu, na ya nne tulikuwa tukiitafutia kamba. Siku moja mchana, saa ya watoto kutoka masomo, msichana wa darasa la nne alishuka kuosha viatu vyake vyenye matope. Kiatu kimoja kilimponyoka, akakifuata. Aliyekuwa pale alikuwa mama mmoja mzee, anayezidi miaka 60, anayefua nguo za watu. Hajui kuogelea, na mgongo wake ni mgonjwa. Miaka mingi angepiga kelele tu, kama sisi wote tulivyopiga kelele siku zile zingine. Siku hiyo alichukua bidoni nyekundu, akakanyaga fundo, akatupa. Ilianguka mbali. Akavuta, akatupa tena, ikapita upande wa kuume. Mara ya tatu kamba iliangukia begani mwa mtoto, naye akaikamata. Mama mzee aliketi ndani ya maji ya pwani na nguo zake zote, akavuta mpaka mtoto akafika. Msichana yuko darasani sasa. Kiatu hakikupatikana.

Mama mzee aliulizwa alijifunza wapi kutupa. Alisema aliwaona watoto wetu wakicheza. Na hilo ni kweli. Katika uwanja wa masomo tunachora duara kwa chaki, tunasimama mita nane, na kila mtoto anatupa bidoni mara tano. Wanaopata tatu wanapigiwa makofi. Tunawaimbisha maneno matatu: ita, nyoosha, tupa. Kisha la nne, ambalo wanalisema kwa sauti kubwa kuliko yote: usiingie! Tunakazia hilo kwa vijana hasa, kwa sababu wao ndio wanaoruka. Tunawafundisha kwamba kubaki inchi kavu na kutupa si woga. Ndiyo kazi yenyewe.

Mtoto akiisha kutolewa, msimtundike kichwa chini, na msimkandamize tumbo ili maji yatoke. Yanayotoka ni ya tumboni, na yanaweza kuingia katika mapafu. Mlaze chali, angalia kama anapumua. Kama hapumui, inua kidevu chake, ziba pua, na umpulizie pumzi tano kinywani, ukiona kifua kinapanda. Bado hapumui, kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, kisha pumzi mbili, na uendelee hivyo bila kuacha mpaka apumue ao mpaka mganga afike. Akipumua lakini hajaamka, mlaze kwa ubavu. Mvue nguo zilizolowa, mfunike kikwembe kikavu. Hata akisema amepona, mpeleke kituo cha afya, kwa sababu mapafu yanaweza kumsumbua masaa yanayofuata.

Neno moja kwa wamama wafanyabiashara wanaokwenda Idjwi, Kalehe, Minova na Goma. Kabla ya kupanda, tafuta kwa macho buwe iko wapi, na kama imetundikwa wazi ao imefungiwa ndani ya chumba cha nahodha pamoja na mizigo. Iliyofungiwa haifai kitu. Jile uivae, usiikalie. Na mtoto usimfunge mgongoni chini ya jile yako: ukianguka, jile inakugeuza uso juu, na mtoto anabaki chini ya maji. Mfungue, umpakate mbele, na umwombee jile yake mwenyewe. Ukiona mashua imejaa mpaka watu wamesimama, shuka. Mzigo wa ndizi utaoza, ndiyo, na hasara ile ni kubwa kwa nyumba. Lakini watoto wanaweza kungoja ndizi zingine.

Tunajua bidoni haimalizi taabu yetu. Maji yakitoka kwenye robine kila siku, watoto hawatashuka. Watoto wadogo chini ya miaka mitano hawapaswi kuwa pwani hata kidogo bila mtu mzima anayefika kwa mkono mmoja. Na msichana anayefundishwa kuogelea ana usalama kuliko bidoni kumi. Mambo yale tunaendelea kuyaomba na kuyadai. Wakati tunangoja, hili ndilo tunaloweza kufanya kwa mikono yetu na kwa vitu tunavyovitupa.

Basi, siku ya posho tunakutana pwani, saa tatu ya asubuhi, pale tunapofulia nguo. Tunahitaji bidoni tano zilizopasuka na chupa 30 zenye vifuniko. Kamba zitalipwa na kasha ya likelemba, kama komite ilivyokubali. Kila bidoni itakuwa na mama wawili wanaoitunza: kila siku ya Mungu jioni wataangalia kama vifuniko vimekazwa na kama kamba haijaoza kwa jua. Wenye vijana wa miaka 14 na kuendelea, mje nao. Na yule mama mzee ameahidi atakuwa pale, kutufundisha namna ya kutupa mara ya tatu.